Sera ya kumlinda mtoto: anzeni na dawati linalopokea taarifa

Swali: *Mimi ni ofisa ustawi wa jamii. Nimeingizwa kwenye kikosi kazi kinachoandika sera ya taifa ya kuwalinda watoto dhidi ya ukatili na utelekezaji. Rasimu yetu imefika kurasa themanini, na zaidi ya nusu ni dira, dhamira, fasili na misingi. Wajumbe wengi wanataka kipengele kinachomlazimisha kila raia kutoa taarifa akishuku kuwa mtoto anateswa, na asiyetoa ashtakiwe. Mimi moyo unasita, ila nikisema naonekana nawatetea wanaoficha maovu. Tuanzie wapi, na hilo la taarifa tulifanyeje?*

Jibu: Ndugu yangu, kusita kwako kuna msingi, na hoja za kwenda nazo kikaoni nitakupa. Ila nianze na hizo kurasa themanini, maana ubishi wenu kuhusu taarifa umezaliwa na jinsi rasimu ilivyojengwa.

Sera nyingi za watoto huandikwa kutoka juu kushuka chini: dira, malengo mahsusi, matamko, wadau na majukumu yao, kisha mwisho kabisa, kwenye kiambatisho, jedwali la utekelezaji ambalo safu ya "mhusika mkuu" imejazwa wizara tano kwa mpigo. Wizara tano zikiwa wahusika wakuu, hakuna mhusika. Nashauri muandike kinyume chake. Mchukueni mtoto mmoja, mpiteni naye ndani ya rasimu ukurasa kwa ukurasa, muone anakwama wapi.

Tuseme ni Ijumaa, saa tisa alasiri. Mwalimu anaona michirizi ya waya nyuma ya mapaja ya mtoto wa miaka minane. Mtoto anasema alianguka. Sasa fungueni rasimu mjibu: mwalimu anampigia nani, na simu isipopokelewa anampigia nani mwingine? Nani anakwenda kumwona mtoto, ndani ya saa ngapi, kwa usafiri wa nani? Akifika akazuiwa mlangoni, ana mamlaka gani ya kuingia? Daktari amtibu kwanza au asubiri karatasi ya polisi? Ikionekana mtoto hawezi kulala kwenye ile nyumba usiku huo, analala wapi, kwa idhini ya nani, na lini lazima hakimu aambiwe? Mwalimu naye, Jumatatu, atajua kwamba taarifa yake ilifanyiwa kazi? Rasimu isiyojibu haya bado ni hotuba, hata ikiwa na fasili nzuri namna gani.

Anayeandika sera hizi hukutana mapema na kisa cha Victoria Climbié. Alikuwa na miaka minane, akilelewa London na shangazi wa baba yake, akafa Februari 2000 akiwa na majeraha 128 mwilini. Uchunguzi ulioongozwa na Lord Laming, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2003, ulihesabu nafasi zisizopungua 12 ambazo watu wa kazi wangeweza kumwokoa. Huyu hakuwa mtoto aliyefichwa. Alijulikana kwa idara nne za ustawi wa jamii, timu mbili za polisi wa watoto na hospitali mbili. Taarifa zilitolewa. Sheria ilikuwepo, na ilikuwa nzuri, ile ya watoto ya mwaka 1989. Yaliyoanguka ni mambo madogo ya kazi ya kila siku: wasiwasi wa hospitali usiofuatiliwa hadi mwisho, wasimamizi wasiolisoma faili, na mtoto ambaye karibu hakuna aliyekaa naye peke yake akamuuliza maisha yakoje. Laming aliwalaumu wakubwa wa idara kuliko wale maofisa wa chini, na sheria ya mwaka 2004 iliyofuata ikaweka kwa maandishi wajibu wa taasisi kushirikiana. Kwa hiyo mjumbe akisimama akasema tatizo letu ni watu kunyamaza, mjibu kwamba mara nyingi watu husema. Wanaoambiwa ndio hawana pa kulipeleka jambo.

Hapo tunaingia kwenye ubishi wenu. Wajibu wa kutoa taarifa kwa sura tunayoijua leo ulianzia Marekani. Mwaka 1962 daktari wa watoto C. Henry Kempe na wenzake walichapisha makala iliyoonyesha kwamba mifupa iliyovunjika na kupona kwa nyakati tofauti katika mwili wa mtoto mchanga ni ushahidi wa kupigwa. Kufikia mwaka 1967 majimbo yote yalikuwa na sheria ya kutoa taarifa. Angalia lengo la mwanzo lilivyokuwa jembamba: kumlazimisha daktari aliyeiona picha ya eksirei asijifanye hakuiona. Baadaye orodha ikapanuka, wakaingia walimu, wauguzi na walezi wa vituo, na katika baadhi ya majimbo kila mtu mzima. Taarifa zilikuwa takriban 60,000 mwaka 1974, zikazidi milioni 1 kufikia mwaka 1980, na katika miaka ya karibuni zimezidi milioni 4 kwa mwaka. Takriban nusu ya hizo huishia mlangoni bila kuchunguzwa kwa sababu hazifikii kiwango kilichowekwa. Hiyo ni nchi yenye mashine kubwa ya ustawi wa jamii. Sasa fikiria ofisa mmoja anayehudumia wilaya nzima bila pikipiki, halafu sheria imwagie taarifa za kila jirani aliyegombana na jirani yake. Mtoto wa michirizi ya waya atazama humo humo.

Sisemi taarifa zisilazimishwe kabisa. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kupiga simu, lazima mtu mzima amsemee. Nisemalo ni kwamba wajibu wa kisheria uwaangukie wale ambao kazi yao inawakutanisha na watoto: walimu, wahudumu wa afya, polisi, walezi wa makao, makocha, viongozi wa dini. Hao wafundishwe dalili, wapewe namba ya kupiga, na waambiwe nini kinafuata. Raia wengine wahimizwe na walindwe: asiyetaka kutajwa asitajwe, aliyesema kwa nia njema asishtakiwe hata kama uchunguzi hautaona kitu. New Zealand, yenye sheria inayosifiwa sana katika fani hii, haikuweka wajibu wa jumla. Ilichagua kuwapa kinga wanaosema. Ukiweka jela kwa kila raia utamtisha hata mama anayepigwa pamoja na watoto wake, kwa kuwa naye "alijua, hakusema". Na binti wa miaka kumi na sita atakwepa kliniki, akijua muuguzi hana namna ila kumripoti.

Makali ya adhabu yapelekeni kwa wanaoficha kwa makusudi ndani ya taasisi: mkuu wa shule anayejua kuwa mwalimu fulani anawaharibu watoto, akamwandikia barua ya uhamisho. Hili halina mfano bora kuliko Tume ya Kifalme ya Australia iliyokaa kuanzia 2013 hadi 2017 kuchunguza ukatili wa kingono ndani ya taasisi. Iliwasikiliza faragha zaidi ya manusura 8,000, ikatoa mapendekezo 409, na picha iliyojirudia ni ya viongozi walioambiwa wakachagua kulinda jina la taasisi. Tume ilipendekeza hata maungamo ya kanisani yasiwe kisingizio cha kutotoa taarifa. Jiandaeni, ubishi huo utazuka na kwenu, na ni afadhali uzuke kwenye rasimu kuliko bungeni siku ya mwisho.

Sasa utelekezaji. Hapa naomba kikosi kazi kikae muda mrefu kuliko kilivyokaa kwenye taarifa, kwa sababu vipigo na ubakaji vina sura, wakati utelekezaji ni kitu ambacho hakikufanyika. Na ndio unaojaza mafaili: huko Marekani takriban robo tatu ya watoto wanaothibitishwa kuwa waathirika wametelekezwa.

Chukua nyumba tatu. Ya kwanza, mama anafanya kazi zamu ya usiku, anawafungia watoto ndani kwa kufuli mpaka alfajiri, maana hana wa kumwachia. Ya pili, baba analipwa mshahara wa kutosha, unaishia kwenye pombe, mtoto anasinzia darasani kwa njaa. Ya tatu, mama ana wiki sita tangu ajifungue, ameshikwa na sonona, mtoto analia naye ameukodolea macho ukuta. Kwenye fomu ya mapokezi nyumba zote tatu hupata alama ya vema kwenye kisanduku kimoja, na sera yenye jibu moja itazipeleka zote polisi. Wa kwanza anahitaji mahali pa kuwaacha watoto usiku. Wa tatu anahitaji matibabu na mtu wa kukaa naye. Wa pili ndiye mwenye kesi, na hata yeye huenda agizo la mahakama la kukata sehemu ya mshahara likamsaidia mtoto kuliko kumfunga.

Shirika la Afya Duniani, katika fasili lililoipitisha mwaka 1999, liliweka sharti ambalo rasimu nyingi huliacha njiani: kushindwa kumpa mtoto mahitaji yake huhesabiwa kuwa utelekezaji kwa kuangalia rasilimali ambazo familia ina uwezo nazo. Liingizeni sharti hilo kwenye fasili yenu. Kisha mlifanyie kazi kwenye fomu ya tathmini, kwa maswali ambayo ofisa lazima ayajibu kwa maandishi: mtoto amekosa nini hasa, mzazi alikuwa na uwezo wa kumpa, je, alipewa msaada akaukataa, na madhara yako karibu kiasi gani? Fomu ina nguvu kuliko tamko la sera. Ofisa hatasoma kurasa themanini. Fomu ataijaza kila siku.

Na Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya Malezi Mbadala ya mwaka 2009 inasema bila kuzunguka kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake. Uwe ishara kwamba familia isaidiwe. Lipeni uzito hili, kwa kuwa makao ya watoto huvutia wafadhili: yana jengo, yana bango, yana picha za kupiga. Romania ndiyo somo. Utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia iliona watoto zaidi ya laki moja wakiwa kwenye taasisi, wengi wao wakiwa na wazazi walio hai. Kuanzia mwaka 2000 watafiti waliwafuatilia huko Bucharest watoto 136 waliokuwa kwenye taasisi, baadhi wakapelekwa kwa familia za kambo. Waliotolewa mapema, kabla ya miaka miwili hivi, walipata nafuu kubwa kuliko waliochelewa. Sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2004 ikakataza kuwaweka kwenye taasisi watoto wa chini ya miaka miwili, isipokuwa wenye ulemavu mkubwa. (Msamaha huo wa mwisho mimi siukubali. Watoto wenye ulemavu wana uwezekano wa kufanyiwa ukatili mara tatu hadi nne kuliko wenzao, na ndio wasioweza kwa urahisi kusimulia yaliyowapata.) Kwenu, kila makao yasajiliwe, yakaguliwe bila kupigiwa simu ya kuwatayarisha, na kila mtoto aliyemo awe na mpango wa maandishi wa kurudi nyumbani au kupata familia nyingine, unaopitiwa kwa tarehe.

Sheria ya New Zealand niliyoitaja, ya mwaka 1989, ina jambo jingine la kuiga. Kabla ya maamuzi makubwa kuhusu mtoto, ukoo huitwa kwenye kikao, wataalamu wanaeleza hatari iliyopo, kisha wanatoka chumbani na kuwaachia wenyewe wapendekeze mtoto akae wapi na nani amwangalie. Mara nyingi anapatikana mjomba au bibi ambaye ofisa hakujua kuwa yupo. Linahitaji tahadhari, kwani ukoo huohuo unaweza ukawa umemkalia kimya mkosaji. Kwa kesi za kubaka, vikao vya suluhu vya familia vipigwe marufuku kwenye sera, wazi kabisa. Kesi haimalizwi kwa faini anayolipwa baba wa mtoto aliyebakwa.

Kuhusu kuzuia, rasimu nyingi huandika "elimu itatolewa kwa jamii" na kusonga mbele. Kuna njia zilizopimwa. Huko Elmira, jimbo la New York, David Olds na wenzake, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, waliwapelekea wauguzi majumbani akina mama waliokuwa wajawazito kwa mara ya kwanza, wengi wao wadogo kwa umri au maskini, na wakaendelea kuwatembelea mpaka mtoto alipotimiza miaka miwili. Miaka kumi na mitano baadaye, taarifa zilizothibitishwa za ukatili na utelekezaji zilikuwa pungufu kwa karibu nusu kulinganisha na familia ambazo hazikutembelewa. Kama tayari mna wahudumu wa afya wanaozunguka majumbani, hamhitaji jeshi jipya. Ongezeni ziara na mada. Kifurushi cha INSPIRE, kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2016, kina mikakati saba ya kuchagua. Chagueni miwili au mitatu mnayoweza kuilipia.

Viboko vitawagawa. Sweden ilipiga marufuku adhabu ya kupiga watoto mwaka 1979, ikiwa nchi ya kwanza, na leo zipo zaidi ya 60. Kinachosahaulika ni jinsi walivyofanya: kipengele kile hakikuwa na adhabu yake chenyewe, kiliwekwa kwenye sheria ya wazazi na watoto, serikali ikapeleka vijitabu kwenye kila nyumba yenye watoto na kuchapisha ujumbe kwenye maboksi ya maziwa ili familia ziuzungumzie mezani. Anzeni na shule na makao, ambako serikali ndiyo mwajiri na haina wa kumlaumu.

Takwimu: msizitafute polisi tu. Taarifa za polisi zinaonyesha waliofika polisi. Tafiti za kaya kuhusu ukatili dhidi ya watoto, zilizoanza Swaziland mwaka 2007, huwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24 faragha. Ile ya Tanzania ya mwaka 2009, iliyowauliza na wavulana, ilionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 hivi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Hakuna daftari la kituo ambalo lingetoa picha hiyo. Kabla ya kumuuliza mtoto maswali kama hayo, awepo wa kumsaidia akisema ndiyo.

Ushahidi mahakamani nao uandikieni sura fupi. Iceland ilianzisha mwaka 1998 nyumba moja ambako mtoto huhojiwa na mtu aliyefunzwa, huku hakimu, polisi na mawakili wakifuatilia kutoka chumba kingine, mahojiano yakirekodiwa ili asirudie hadithi ileile kwa kila ofisa. Hamna fedha za kujenga nyumba kama hiyo kila mahali, lakini chumba kimoja cha hospitali ya mkoa, kamera na mtu mmoja aliyefunzwa ni mwanzo.

Fedha ziwe na kasma yake. Si "bajeti za kawaida za wizara husika", kasma yenye namba, inayoonekana kwenye kitabu cha bajeti, yenye mishahara ya maofisa, mafuta, malazi ya dharura na vipimo vya hospitali. Mwambieni mtu wa hazina aingie kwenye kikosi kazi leo, siyo siku ya uzinduzi. Na mkubaliane mapema na wanasiasa kuhusu vipimo: miaka ya mwanzo idadi ya taarifa itapanda, na itapanda kwa sababu watu wameanza kuamini. Waziri akiahidi kupunguza taarifa, maofisa watajifunza kutoziandika. Pimeni muda kati ya taarifa na mtoto kuonekana kwa macho, idadi ya watoto waliorudi kwenye mfumo ndani ya mwaka mmoja, na mashauri yaliyofungwa bila mtoto kusikilizwa.

Kikao kijacho usiende kupinga kipengele cha taarifa, nenda na kipengele mbadala mkononi. Kiseme hivi: mtu ambaye kazi yake inamkutanisha na watoto, akiwa na sababu za msingi za kushuku, atatoa taarifa ndani ya saa 24 kwa dawati lililotajwa, dawati litampa namba ya shauri na kumjulisha hatua iliyochukuliwa, kiongozi wa taasisi anayezuia taarifa au kumhamisha mtuhumiwa ili kuikwepa, anatenda kosa, mtu mwingine yeyote anaweza kutoa taarifa na atalindwa. Kisha ongeza sharti la utekelezaji, na hapo usirudi nyuma hata wakikubali mengine nusu nusu: kipengele kianze kutumika katika wilaya fulani baada ya wilaya hiyo kuwa na ofisa aliyeteuliwa kwa jina, simu inayopokelewa usiku na mchana, na familia za dharura zilizokaguliwa tayari. Waziri atangaze wilaya moja moja zinapotimiza, na bunge liletewe kila mwaka orodha ya zilizobaki.